Springi za Kilo Sabini

Nyumba ya tatu nyuma ya kituo cha pampu,
14 Juni

Mpendwa Shemeji,

Salamu nyingi zikufikie huko ugenini, wewe na mumeo na yule mtoto wenu anayejifunza kutembea. Natumaini baridi ya huko imepungua na kifua hakikusumbui tena kama mwaka jana. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama yenu anakohoa kidogo asubuhi, na magoti ni yale yale, lakini anakula, na akishashiba anaanza kunisema, kwa hiyo najua hajambo. Binti yetu amerudi chuoni. Anapiga simu kila Jumamosi na kuniuliza nimekula nini, kama vile mimi ndiye mtoto.

Barua yako ilinifikia wiki tano zilizopita. Usidhani nimekupuuza. Nimekaa kukujibu mara nyingi, nikaandika "Mpendwa Shemeji", nikaishia hapo hapo na kukunja karatasi. Leo sina zamu, Mama amelala, na nimejiapiza kwamba sitainuka kitini mpaka nimalize. Nawe nakuomba uisome ukiwa umeketi, na ukiwa peke yako kama inawezekana.

Wamkumbuka Punda, pikipiki yetu. Tulipoinunua ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu wawili, na dada yako akaipa jina hilo kwa sababu, alisema, inabeba kila kitu na haina shukrani. Kwa miaka ishirini na miwili nilimpeleka kufundisha shuleni juu ya Punda kabla ya kwenda kwenye pampu zangu. Yeye nyuma, mimi mbele, na madaftari ya hesabu ya watoto yamebanwa katikati yetu. Niliyazoea mpaka siku za likizo mgongo wangu ulihisi kuna kitu kimepungua.

Ugonjwa ulipoingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo, tukawa watu wa kwenda hospitali kila Jumanne na Ijumaa. Tulijaribu gari la kukodi. Vioo vikishafungwa tu, anatapika mpaka anaishiwa nguvu, na dereva wa pili alimhurumia hadi akalia yeye. Dada yako akasema basi, afadhali Punda na upepo wake. Daktari hakupenda, lakini alimjua mgonjwa wake. Alisema tu niendeshe taratibu.

Taratibu haikusaidia. Shokapu za nyuma zilikuwa zimekufa zamani, mafuta yote yameshavuja, chuma kinagonga chuma. Spoki za magurudumu nilikuwa nimezikaza hata zimechoka kukazwa. Kila shimo lilikuwa linapanda moja kwa moja kwenye kiti cha nyuma. Hakulia hata siku moja, Shemeji. Alikuwa anahesabu. Nilimsikia nyuma ya sikio langu, kwa sauti ndogo, moja, mbili, tatu. Siku moja tulipofika alishuka, akajishikilia begani kwangu na kusema, "Sitini na moja. Ijumaa yalikuwa hamsini na nane. Hii barabara inazeeka haraka kuliko mimi."

Nilicheka naye. Kisha nikaenda chooni pale hospitalini nikasimama nimeutazama ukuta.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa fundi tunayemwita Polepole. Jina hilo alijipatia kwa jibu lake, maana ukimuuliza kazi itakwisha lini, ndilo hilo unalopewa. Ana kibanda cha mabati karibu na mashine ya kusaga, na mikono yake haijui kukosea. Alimzunguka Punda mara mbili, akapigapiga fremu kwa ufunguo na kusikiliza kama daktari. Akasema mifupa ya pikipiki ni mizima, ila miguu imekwisha. Akaniambia tukitaka imbebe mgonjwa, tuache kutia viraka. Tuvue magurudumu yote mawili ya spoki, tuweke ya aloi yenye matairi mapana yasiyo na tyubu. Mbele tuweke miguu ya pikipiki ya kisasa pamoja na breki yake ya diski. Nyuma, shokapu mpya za gesi.

Nilitoka pale mwepesi kama niliyeambiwa dawa imepatikana. Nitakuwa mkweli kwako: nilifurahi. Kwa miezi minane nilikuwa sina la kufanya ila kushika beseni na kuhesabu vidonge. Sasa nilikuwa na kitu kinachoshikika.

Kazi ilichukua wiki tano. Miguu mipya ya mbele haikuingia kwenye shingo ya fremu, ikabidi mkerezaji wa vyuma atuchongee bushi, yaani pete za kubana beringi, na mara ya kwanza akachonga pana mno. Gurudumu la nyuma lilikaa upande, likawa linagusa mnyororo. Nilitoka zamuni nikaenda kwa Polepole kabla ya kufika nyumbani. Siku za mapumziko nilikwenda asubuhi. Hospitali katika wiki hizo tulikwenda kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya jirani yetu muuza maji, dada yako ameketishwa kwenye mito, mwendo wa saa mbili kwenda na mbili kurudi, na jirani hakuwahi kununa.

Dada yako alinitania. Nikiingia na mafuta mikononi alikuwa akiniuliza, "Mke mwenzangu hajambo? Amekula?" Namwambia amekula, leo amevaa viatu vipya. Anasema, "Haya, mwaka wa ishirini na mbili wa ndoa nimeletewa mke mwenza mwenye breki ya diski." Mama alikuwa anamkataza kucheka kwa sababu kucheka kunamuumiza, naye anazidi.

Lakini kuna jioni moja hakutania. Nilikuwa navaa koti nirudi kwa fundi kuona kama gurudumu limenyooka. Akasema, "Baba Binti, kaa kidogo." Nikamwambia narudi sasa hivi. Akasema, "Ndiyo, najua utarudi. Nimesema kaa." Niliketi ukingoni mwa kitanda na koti langu mwilini. Nadhani nilikaa dakika tano. Aliufunika mkono wangu kwa wake, basi. Ule mkono, Shemeji, ulikuwa hauna uzito. Nilipouona mdogo hivyo juu ya wangu, nikasimama nikatoka. Sikutoka kwa sababu ya gurudumu. Nilishindwa kuutazama.

Sasa nifike kwenye jambo la springi, ambalo sijamwambia mtu.

Polepole alikuwa amenieleza kwamba springi za shokapu huchaguliwa kwa uzito wa watu. Ikiwa laini mno, pikipiki inazama na kugonga chini. Ikiwa ngumu mno kwa mtu mwepesi, haibonyei, inamrusha. Akachukua chaki, akaniuliza mimi nina kilo ngapi. Nikasema themanini na mbili. Akaandika kwenye bati. Akaniuliza, na anayekaa nyuma?

Nikasema sabini.

Sabini ulikuwa uzito wake kabla hajaugua. Kilo zake za sasa nilizijua. Zimeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na kadi hutembea mfukoni mwangu. Polepole alikuwa hajamwona kwa muda mrefu, asingeweza kujua. Aliandika 70 chini ya 82, akaagiza springi kwa hesabu hiyo. Nami nikamwacha aagize. Kama ungeniuliza siku ile kwa nini, ningekwambia atapona na kunenepa, na sitaki kubadilisha tena. Hiyo si kweli. Ni kwamba ile namba nyingine sikuweza kuitamka mbele ya mtu.

Punda ilimalizika siku ya Jumatano. Kwa macho ilipendeza, magurudumu meusi, matairi mapana, hata tangi kuukuu lilionekana kama limeinua kichwa. Nilimleta dada yako nje, nikambeba kumkalisha. Alivaa lile sweta lako la kijani. Tulianza na barabara ya lami kuzunguka shule yake, na pale ilikwenda kama maji. Alikiweka kidevu begani kwangu akanisimulia habari yako, ambayo nataka uipate. Alisema ulipokuwa na miaka minne baba yenu alikupakia nyuma ya baiskeli, ukasinzia, ukadondoka kwenye nyasi bila kulia, naye akafika mpaka nyumbani akipiga soga na mtoto ambaye hayupo. Alisema walirudi mbio na kukukuta umeketi pale pale, unakula mkate wako. "Mdogo wangu hajawahi kumlaumu mtu kwa kumwacha," alisema. Alicheka mpaka nikahisi tumbo lake linatetemeka mgongoni kwangu.

Kisha tukaingia barabara ya vumbi.

Shimo la kwanza lilimrusha, na la pili likamrusha zaidi. Mbele palikuwa laini kabisa, mimi sikuhisi kitu, ila nyuma zile springi zilikuwa zinamsubiri mtu wa kilo sabini, na mtu huyo hakuwepo. Nilihisi anaushika mkanda wangu. Nikangoja aanze kuhesabu. Hakuhesabu. Niligeuza tukarudi kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Nilimlaza. Mama alimpa dawa, akatupisha. Baada ya kitambo kirefu dada yako alifumbua macho akaniuliza, "Ulimwambia fundi nina kilo ngapi?"

Ungesema uongo mbele ya mwalimu wa hesabu? Nikajibu, "Sabini."

Sikuona hasira usoni mwake, ningeona ningeshukuru. Akasema, "Arobaini na tatu. Sema."

Sikuweza.

"Sema, mume wangu. Ni namba tu."

Nikasema arobaini na tatu, na nilipoisema nikalia mpaka nikapiga kwikwi, na yeye, aliyekuwa anaumwa, ndiye aliyenibembeleza. Aliponiona nimetulia akasema, "Haya. Sasa tunaongea kuhusu mtu mmoja." Akaniomba kesho nisiende popote, nikae naye. Nikamuahidi.

Alhamisi nilikaa mpaka adhuhuri. Tuliongea kuhusu binti, kuhusu Mama atabaki na nani, kuhusu nguo zake. Alikuwa anapanga kama anavyopanga mitihani ya muhula, na kila alilolipanga liliniingia kama msumari. Mchana akasinzia. Mama akaketi kando yake na mboga za kuchambua. Nami nikafikiri, kesho ni Ijumaa, siku ya hospitali. Nikienda sasa Polepole atabadilisha zile springi, na kesho hataumia. Nikamwambia Mama natoka mara moja.

Nilimwambia Polepole namba ya kweli. Aliifuta ile sabini kwa kidole gumba, akaandika 43, akazima redio yake. Akaanza kufungua shokapu.

Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa inanguruma na simu ilikuwa kwenye koti, na koti kwenye msumari. Nilipoitoa ilikuwa imepigwa mara nne, zote kutoka kwa Mama. Nikampigia. Alisema, "Njoo, mwanangu," na kwa jinsi alivyosema sikuwa na la kumuuliza.

Punda ilikuwa juu ya jeki, haina shokapu hata moja. Nilikimbia hadi barabarani nikasimamisha pikipiki ya abiria. Na hapo, Shemeji, nilipokaa, ndipo nilipogundua kwamba katika miaka ishirini na miwili sijawahi kukaa nyuma. Siku zote mimi ndiye mshika usukani. Sikujua kwamba kiti cha nyuma kiko juu ya gurudumu hasa. Sikujua kwamba aliye nyuma halioni shimo likija, linamkuta tu. Kila lililotukuta lilinipanda kutoka kiunoni hadi kwenye meno, mimi mwenye mifupa mizima na kilo themanini na mbili. Yule kijana wa watu alidhani nalia kwa sababu ya mwendo, akapunguza. Nikamwambia asipunguze.

Nilipofika Mama alikuwa bado ameushika mkono wake.

Sasa umeshajua. Siku ya mazishi ulipopiga simu, binti akaiweka sauti ya juu, na nyumba nzima ikakusikia ukiuliza dada yako alikufa akiwa na nani. Niliwatazama watu. Nikasema, "Nilikuwa naye. Nilimshika mkono." Mama alikuwa ameketi mbele yangu. Aliinamisha macho, akasema, "Ndiyo, alikuwa naye." Tangu siku hiyo hatukuligusa jambo hilo, yeye wala mimi. Ni juzi tu aliponiambia yaliyotokea. Dada yako aliamka, akauliza kama nimerudi. Mama akamwambia bado, nimekwenda kwa fundi, je, anataka niitwe? Akasema, "Mwache atengeneze. Asipotengeneza kitu atapasuka." Akaomba maji, akanywa kidogo. Kisha akalala, na Mama akaendelea kuchambua mboga kwa mkono mmoja, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa umeshikwa, mpaka akahisi aliyemshika ameachia.

Mama alinisihi nisikuandikie haya. Alisema jeraha lako limeanza kukauka, nisilitoneshe. Ningemtii kama isingekuwa barua yako. Umeniandikia kwamba huli vizuri. Kwamba usiku unajiona mbaya kwa sababu hukupata ruhusa kazini ukasafiri, na kwamba unajilinganisha nami: "Wewe ulikuwepo, Shemeji, mimi ndiye niliyemwacha." Maneno hayo nimeyasoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Siwezi kukuacha ujichape kwa fimbo niliyoichonga mimi.

Wewe ulizuiwa na safari ya siku mbili na bosi asiye na utu. Mimi nilikuwa umbali wa dakika ishirini. Nilikuwa nimeombwa nikae, kwa maneno, mara mbili, nikaenda kukaza nati. Kama kuna aliyemwacha, si wewe. Na kama ukinikasirikia, ukaacha kuniandikia, nitaelewa. Ila usiache kumpigia Mama, yeye hana kosa isipokuwa kunihurumia.

Jambo moja tena kisha nikuache. Wiki moja baada ya mazishi Polepole alimsukuma Punda kutoka kibandani kwake hadi hapa, kwa miguu, amemaliza kazi. Hakuipanda. Aliniambia tu ameweka kama nilivyosema, akanipa mkono, akaondoka. Pikipiki ilikaa ukutani chini ya turubai. Mimi kazini nilikuwa natembea.

Juzi Mama alikuwa na miadi ya kliniki ya magoti, na jirani muuza maji alikuwa amesafiri. Mama akasimama mlangoni amevaa, mkoba mkononi, akalitazama turubai, akanitazama mimi. Nikalivuta. Unamjua Mama alivyo, hafiki hata kilo arobaini na tano na viatu vyake. Nilimkalisha, akanishika mkanda, tukaenda. Lami ilipokwisha nilikaza mwili mzima. Likaja shimo la kwanza, likaja la pili, nikasikia pikipiki inabonyea na kuinuka polepole kama mtu anayepumua. Tulikwenda hivyo mwendo mrefu. Kisha Mama akasema nyuma ya sikio langu, kwa mshangao, "Haigongi."

Nikamuuliza amesemaje, ingawa nilimsikia.

"Haigongi, mwanangu. Hata kidogo."

Ilibidi nisimamishe kando ya barabara, maana nilikuwa siioni. Mama hakushuka. Aliuegemeza uso wake mgongoni kwangu, nasi tukakaa pale juu ya Punda, injini inanguruma, mpaka watu wawili watatu wakaja kutuuliza kama imeharibika. Mama ndiye aliyewajibu. Aliwaambia hapana, ni nzima kabisa.

Nisalimie mumeo sana, na umbusu mtoto wenu kwa niaba ya baba yake mkubwa ambaye bado hajamwona. Mama anakusalimu na anasema ule, hata kama huna hamu, ule. Binti anakusalimu, na anakuomba lile sweta la kijani abaki nalo. Nimemwambia mwenye kulitoa ni wewe. Jirani muuza maji naye anauliza habari zako kila mara. Mwenyezi Mungu akupe usingizi, Shemeji, akuondolee mzigo usio wako, na huu ulio wangu anisaidie kuubeba.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye kama dada yangu wa tumbo moja, niliyekudanganya mara moja tu,

Mume wa dada yako.